Shairi Linalojibika: Mgogoro wa Vina na Mizani kama Suala la Adabu

Mgogoro wa ushairi wa Kiswahili uliopamba moto katika miaka ya 1970 husimuliwa kwa kawaida kama vita kati ya ukale na usasa. Upande mmoja husimamishwa malenga walioshikilia vina na mizani. Upande wa pili, vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliotaka mashairi yasiyofungwa na hesabu ya silabi. Simulizi hiyo ina ukweli wake. Hata hivyo, imelipita swali ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: kwa nini watu wazima, wenye kazi na familia zao, waliotunga kwa mapenzi tu, waliuchukulia mpangilio wa mistari kwa uchungu wa mtu aliyevunjiwa heshima mbele za watu? Silabi peke yake haimkasirishi mtu kiasi hicho.

Dai langu ni kwamba kwa watunzi wa magazetini umbo la shairi lilikuwa sehemu ya adabu ya kujibizana. Vina na mizani vilimwezesha msomaji asiyemjua mtunzi, anayeishi mbali naye kwa mamia ya maili, kumjibu kwa namna ambayo wote wawili, pamoja na hadhira yao, wangeitambua kuwa ni jibu. Utungo usio na umbo hilo ulionekana kama mgeni aliyeingia barazani, akasema yake, akaondoka kabla wenyeji hawajafungua kinywa.

Jumuiya ninayoizungumzia ilikuwa kubwa. Gazeti la Mambo Leo lilianza kutolewa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka 1923, na kurasa zake za mashairi zikawa mahali pa kukutania watu ambao vinginevyo wasingekutana. Shaaban Robert, karani wa serikali, alichapisha humo. Baadaye magazeti kama Uhuru na Mzalendo nchini Tanzania, na Taifa Leo nchini Kenya, yaliendeleza desturi hiyo. Waliotunga walikuwa makarani, walimu, masheikh, wanasiasa, wakulima. Wengi hawakuchapisha diwani hata moja. Walitambuana kwa lakabu, kwa miji yao na kwa mtindo wa kutunga, na kila mmoja alijua kwamba shairi lake likitoka wiki hii, huenda wiki mbili zijazo mtu wa Tanga au wa Tabora akaliinukia.

Tuangalie jinsi jibu linavyofanya kazi. Shairi la tarbia lina mishororo minne katika kila ubeti. Kila mshororo una mizani kumi na sita, iliyogawanyika vipande viwili vya nane nane, na kina cha kati na cha mwisho. Anayejibu mara nyingi hushika bahari ileile, yaani aina ileile ya shairi, na akiwa hodari huchukua vina vilevile, hata akakigeuza kibwagizo cha mwenzake kimrudie mwenyewe. Msomaji anayelinganisha mashairi mawili yaliyotoka kwa wakati tofauti ana vipimo vya kuamulia: nani kakwama kwenye kina, nani kajaza neno lisilo na kazi ili kutimiza mizani, nani kalifumbua fumbo na nani kalikwepa. Bila vipimo hivyo, malumbano yangebaki kuwa maoni dhidi ya maoni, na mwenye sauti kubwa angeshinda.

Kuna jambo jingine ambalo halijapewa uzito wake. Umbo hupoza hasira. Mtu anayetaka kumtukana mwenziwe kwa kina cha “-zi” cha kati na cha “-nde” cha mwisho, beti kumi mfululizo, hawezi kulitupa tusi la kwanza linalomjia mdomoni. Inambidi atafute, ageuze, afumbe. Akifika ubeti wa tatu tusi limekwisha kuwa fumbo, na fumbo humwachia mlengwa nafasi ya kujifanya hakulengwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walijibizana katika uhasama wa kisiasa ulioishia kwenye vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19, na tungo zao zina ukali usiofichika. Hata hivyo ukali huo ulipita katika mafumbo na katika bahari iliyoshikwa na pande zote mbili. Adui alitukanwa, lakini alitukanwa kwa lugha aliyoweza kuijibu.

Ni kosa kudhani kwamba umbo hilo lilikuwa moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mpangilio wa shairi kwenye karatasi umebadilika kila mara shairi lilipohamia chombo kipya. Katika hati za herufi za Kiarabu vipande viliandikwa ubavuni mwa vingine na kutenganishwa kwa alama, na kina kilionekana kwa jicho kwenye ncha ya kila kipande. Tungo za Muyaka zilikusanywa mwishoni mwa karne ya 19 na William Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, kisha zikachapishwa kwa herufi za Kirumi na William Hichens huko Johannesburg mwaka 1940. Magazeti nayo yalikuwa na safu nyembamba, na mshororo wa mizani kumi na sita hauenei vizuri katika safu nyembamba. Mara nyingine ulikatwa ukawa mistari miwili. Je, ubeti huo una mistari minne au minane? Utenzi ndio uliozua ubishi mrefu zaidi: wako wanaouhesabu ubeti wake kuwa mishororo minne ya mizani nane nane, na wako wanaosema ni miwili. Aliyezoea kuuona kitabuni hujibu kwa jicho. Anayeughani hujibu kwa pumzi yake. Sioni haja ya kumsaka mshindi hapo, maana kila mmoja anaeleza chombo alichokutana nacho.

Ubishi wa mizani una kina zaidi kuliko huo wa mistari. Kila mtunzi anajua kwamba “mtu” ni mizani mbili na “mbwa” ni mbili, kwa kuwa “m” hiyo husimama yenyewe, ilhali “mbuzi” nayo ni mbili tu kwa kuwa “mb” hutamkwa pamoja. Likija neno kama “alfajiri” maelewano hupungua: “l” ile ihesabiwe mizani yake au imezwe na irabu iliyoitangulia? Halafu kuna ruhusa za mshairi: inkisari ya kulifupisha neno, mazida ya kulirefusha, tabdila ya kuibadili silabi ili kina kikubali. Mtunzi wa Mombasa anayeandika “mato” badala ya “macho” anasema Kimvita chake. Mtunzi wa bara anayeliazima neno hilo kwa sababu tu kina chake ni “-to” huulizwa, na mara nyingine kwa ukali, amelipata wapi. Swali hilo linahusu haki ya kuitumia lugha ya mji usiokuwa wako, ingawa linaulizwa kwa vazi la hesabu. Ndiyo maana masahihisho ya mizani yalihitaji upole. Desturi ilimtaka mtunzi mpya ajiite mwanafunzi na awaombe wajuzi wamrekebishe, nayo ilimtaka mjuzi arekebishe bila kumwaibisha. Panapokosekana moja kati ya hayo, kosa la silabi moja huzaa ugomvi wa miezi.

Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Wahakiki wengi wamekilaumu kitabu hicho kwamba kilikausha sanaa hai kuwa kanuni, na kwamba kuufunga ushairi kwenye uimbikaji kulibana mno. Lawama hizo nazikubali kwa sehemu. Lakini tazama nani aliyekiandika. Amri Abedi alizaliwa Ujiji, kandokando ya Ziwa Tanganyika, mbali na Lamu na Mombasa. Saadan Kandoro, bingwa mwingine wa mashairi ya arudhi, yaani ya vina na mizani, naye ni wa Ujiji. Mathias Mnyampala, aliyeikuza ngonjera, yaani mashairi ya majibizano, na kuwa miongoni mwa viongozi wa chama cha washairi cha UKUTA, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Watu hawa hawakurithi ushairi wa pwani kutoka kwa babu zao waliozaliwa Pate. Waliingia kwa kujifunza kanuni, na kanuni iliyoandikwa ilimfungulia mlango yeyote aliyekuwa tayari kuhesabu na kusikiliza. Kwao kuitetea kanuni kulikuwa kuutetea mlango waliopitia. Wasomi wanaoueleza mgogoro huu kuwa ni wa Waswahili wa pwani dhidi ya watu wa bara watakwama hapa.

Ndipo Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, diwani yenye mashairi yaliyoacha vina na mizani ya kawaida. Mwaka 1979 M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi wakatoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakidai kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi. Walishutumiwa kwa kuiga Wazungu. Shutuma hiyo haikuwa ya haki. Kezilahabi alikuwa mtoto wa Ukerewe, na Mulokozi alikuja kuutafiti kwa undani utendi wa enanga wa Wahaya, ambao mwimbaji wake huongozwa na ala ya nyuzi na pumzi badala ya hesabu ya silabi nane. Walileta Kiswahilini masikio yaliyolelewa na ushairi mwingine wa Kiafrika.

Hata hivyo malenga wa magazetini walikuwa wameona jambo la kweli, ingawa walilieleza vibaya. Shairi huru halijibiki kwa shairi. Anayetaka kujibizana na Kichomi atashika nini? Hakuna bahari ya kuichukua, hakuna kina cha kukirudisha. Na kweli, majibu mengi yaliyomfikia Kezilahabi yalikuwa makala, mihadhara na vitabu vya uhakiki. Shairi huru lilidai adabu ya aina nyingine: msomaji akae kimya na kitabu chake, asome mara ya pili, kisha azungumze kwa nathari. Hiyo pia ni adabu njema, na imetupa baadhi ya mashairi bora ya lugha hii. Lakini ilipodai nafasi katika ukurasa uliojengwa kwa kujibizana, wenye ukurasa walihisi kwamba mazungumzo yao yamekatizwa, na hawakuwa na msamiati wa kulisema hilo isipokuwa kupiga kelele kwamba vina vimevunjwa.

Walipoteleza ni pale walipolitamka neno “si shairi”. Kumwambia mtu kwamba mizani yake imepungua ni kumkaribisha airekebishe. Kumwambia kwamba alichoandika si shairi ni kumfukuza, na anayemfukuza mwenziwe hawezi tena kudai kwamba anailinda adabu ya kujibizana. Yeye ndiye aliyeyafunga mazungumzo. Wakati huohuo ushahidi wa nguvu ya umbo la kale ulikuwa mbele yao, wala haukuhitaji kumdhalilisha mtu: Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyotungwa gerezani na kuchapishwa mwaka 1973, ilibeba siasa kali za siku zake ndani ya vina na mizani visivyolegea.

Mabishano haya leo yamehamia kwenye simu, na chombo kimebadili umbo kwa mara nyingine. Kioo cha simu ni chembamba kuliko safu ya gazeti. Mshororo wa mizani kumi na sita hukatika popote unapokuta ukingo, hata katikati ya kipande cha pili, na kina cha kati kinapotea machoni. Watunzi wengine hutia mkato baada ya mizani ya nane ili kina kionekane. Wengine huandika kila kipande kwenye mstari wake, wakalaumiwa kwamba ubeti wao una mistari minane. Utenzi umesalimika zaidi, kwa kuwa mizani nane huenea kwenye kioo bila kukatwa. Kutia mkato ndiko kunakonipendeza, kwa sababu kunamsaidia anayetaka kujibu. Lakini anayeandika vipande kwa kushuka hajavunja sheria yoyote ambayo hati za kale, vitabu na magazeti havikuwa vimekwisha kuipinda kabla yake. Msimamizi wa kundi la simu anayefuta shairi kwa sababu ya mpangilio huo anaulinda ukurasa aliouzoea tu. Akifuta shairi huru katika kundi lililoundwa kwa ajili ya malumbano ana hoja, mradi amweleze mwenyewe sababu na asimwambie kwamba hakuandika shairi.

Shule zetu, kwa bahati mbaya, zimechukua nusu moja ya urithi huu na kuiacha nyingine. Mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya hufundishwa kutambua tarbia, takhmisa, ukaraguni na mtiririko, kutaja ukwapi na utao, kutoa mifano ya inkisari na kuugeuza ubeti kuwa nathari. Anaweza kuyafanya yote hayo kwa miaka yake yote ya sekondari bila kumjibu mtu yeyote kwa shairi. Matokeo yake ni kijana anayezijua kanuni lakini hajui ziliundwa kwa kazi gani, na ambaye siku akikutana na shairi huru atakuwa na silaha moja tu, ya kusema kwamba limekosea. Somo linaweza kurekebishwa bila kugharimu kitabu kipya. Mwanafunzi apewe beti mbili za mwenzake wa dawati la nyuma, aachiwe kipindi kizima azijibu kwa bahari ileile, na darasa lisikilize na kuamua. Anayetaka kuvunja umbo aruhusiwe, kwa sharti kwamba kabla ya kusoma utungo wake amweleze mwenzake huyo ni kwa njia gani anatarajia kujibiwa.