Gari Juu ya Feri

Ungedhani kompyuta mbili za kampuni moja zitaelewana bila shida. Wapi! IBM ilikuwa na watoto wa baba mmoja ambao kila mmoja alikua kivyake. Mkubwa ni meinifremu, mashine ya ukoo wa System/360 uliotangazwa Aprili 1964, iliyotunza hesabu za benki, mashirika ya ndege na serikali. Mdogo alizaliwa Rochester, Minnesota: AS/400, kompyuta ya ukubwa wa kati iliyotoka Juni 1988 kuwarithi System/36 na System/38. Hii ndiyo iliyokaa kiwandani au kwenye tawi, ikahesabu stoo na kulipa mishahara. Hata skrini zao zilitofautiana: mkubwa alitumia teminali za 3270, mdogo za 5250.

Na bado ilibidi wazungumze. Mauzo ya mchana kule tawini lazima yafike makao makuu usiku.

Njia yao iliitwa SNA, utaratibu wa mtandao ambao IBM iliutangaza mwaka 1974. SNA ya mwanzo ilikuwa kama boma lenye mzee mmoja. Ndani ya meinifremu kulikuwa na programu inayoitwa VTAM, na vifaa viwili havikuanza mazungumzo bila yeye kujua. Kila teminali ilikuwa na jina, na jina hilo fundi aliliandika kwenye orodha, moja baada ya jingine. Ukisahau moja, kuna karani mahali fulani anatazama skrini tupu.

Uasi, tuseme hivyo, ulitoka kwa wadogo. Mwaka 1986 System/36 ilipata APPN, aina ya SNA ambamo kompyuta zinatafutana zenyewe bila kupitia kwa mzee. AS/400 iliikuta ikairithi. Meinifremu ilijiunga baadaye, miaka ya 1990. Yaani mzee alifundishwa adabu mpya na wajukuu.

Lakini wakati huo mgeni alikuwa tayari yuko mlangoni. ARPANET ilihamia TCP/IP tarehe 1 Januari 1983, na kufikia miaka ya 1990 kila ofisi ilitaka IP kwa ajili ya barua pepe na wavuti. Basi kampuni zikajikuta zinalipia laini mbili kwenda tawi lilelile: moja ya SNA, moja ya IP. Mhasibu yeyote angeuliza, ya nini?

Jibu la haraka lingekuwa kuitupa SNA. Haikuwezekana. Programu za kuhamisha pesa na oda zilikuwa zimeandikwa kwa miaka mingi zikitegemea mazungumzo ya SNA yenyewe. Kuziandika upya ni gharama, na pia ni hatari: nani anataka kubadilisha injini ya benki ikiwa mwendoni? Kwa skrini tu mambo yalikuwa rahisi, kwa sababu Telnet ilifundishwa kubeba 3270 na 5250. Programu kuzungumza na programu ndiyo ilikuwa kazi.

IBM ilijaribu kwanza AnyNet, iliyopitisha mazungumzo hayo juu ya TCP/IP. Jibu lililodumu zaidi lilichapishwa Mei 1998 katika waraka RFC 2353, likajulikana kama Enterprise Extender. Fikiria feri ya Likoni. Gari halibadilishwi kuwa mashua. Linapanda, majini ni mzigo tu, ng'ambo linawashwa na kuendelea na safari. Ndivyo pakiti za SNA zilivyopandishwa juu ya IP.

Kinachonifurahisha hapa ni feri waliyochagua: UDP. Jon Postel aliieleza mwaka 1980 kwa kurasa tatu tu, na haiahidi chochote. Pakiti ikipotea, shauri yako. Kwa nini wenye pesa za watu wachague kitu kama hicho? Kwa sababu APPN ya wakati huo ilikuwa na mbinu yake ya kuhesabu pakiti, kurudisha zilizopotea na kuzunguka njia iliyokatika. Kuweka TCP chini yake kungekuwa kuajiri makondakta wawili kwenye matatu moja.

Wakachukua poti tano, 12000 hadi 12004. Ya kwanza ni ya salamu na kufungua kiungo, nne zilizobaki ni za mzigo kulingana na uharaka wake, ili faili kubwa la usiku lisimzibie njia karani anayesubiri jibu. Fundi wa ulinzi akifungua 12000 peke yake, kiungo kinaonekana kiko hai, kumbe mzigo haupiti. Hapo ndipo watu hukesha.

Ukoo wa AS/400 ulipata Enterprise Extender mwaka 2006, miaka minane baada ya waraka ule. Kufikia hapo ulishabadilishwa jina zaidi ya mara moja.

Watu husema IP ilishinda kwa ubora. Mimi naona ilishinda kwa kukosa mwenyewe. SNA ilijua mapema nani apishwe njia na nani asubiri. IP ilijifunza hayo polepole. Ila IP ungeweza kuinunua kwa yeyote.

Ukiifungua pakiti ya namna hii na kutafuta herufi A, hutaikuta kama 41 ya ASCII. Utakuta C1, ya EBCDIC, alfabeti ya IBM ambayo mkubwa na mdogo waliitumia wote wawili.