Mji wa Malaika na Karatasi Zake

Tarehe 19 Novemba 1781, maofisa wa Mfalme wa Hispania waliandika orodha ya watu 44. Wanaume 11, wanawake 11, watoto 22. Kila mtu mzima ameandikiwa umri wake, na pia neno linalotaja asili yake. Wawili ni Wahispania. Mmoja ni chotara wa Mzungu na mwenyeji wa Amerika. Tisa ni wenyeji wa Amerika. Wanane ni machotara wa Mzungu na Mwafrika. Wawili waliobaki wameandikwa negro, yaani mtu mweusi.

Hao ndio walowezi wa kwanza wa Los Angeles. Ukiwajumlisha na watoto wao, watu 26 kati ya 44 walikuwa na asili ya Kiafrika. Zaidi ya nusu ya mji.

Wengi wetu tuliujua mji huu kwenye kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, mtafsiri akitia chumvi juu ya sauti za Wazungu. Tuliona minazi iliyojipanga barabarani, magari yasiyo na paa, na milima yenye herufi nyeupe. Mtu mweusi katika filamu zile alikuwa jambazi, au alikuwa rafiki wa staringi, yule anayekufa mapema ili staringi apate hasira. Tulitoka pale tukiamini kwamba mji ni wa staringi na kwamba mweusi amekuja baadaye kutafuta kazi. Na kweli, maelfu ya Wamarekani weusi walihamia Los Angeles miaka ya 1940, viwanda vya vita vilipohitaji mikono. Lakini karatasi ya 1781 ilikuwapo miaka 160 kabla yao.

Jina lenyewe la jimbo, California, lina kisa chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1500, Mhispania Garci Rodríguez de Montalvo alitoa hadithi ya mashujaa wa farasi iitwayo Las Sergas de Esplandián. Ndani yake aliumba kisiwa kilicho karibu na Pepo, ambacho madini yake ni dhahabu tupu na wakazi wake ni wanawake weusi watupu. Wanaishi bila wanaume, wanafuga majoka yenye mabawa ya tai na mwili wa simba, na malkia wao anaitwa Calafia. Kisiwa hicho mwandishi alikipa jina California. Mabaharia Wahispania walipofika upande ule wa Bahari ya Pasifiki katika miaka ya 1530, waliikuta rasi ndefu wakaidhania kuwa kisiwa, na jina la hadithini likaingia kwenye ramani. Wachora ramani wa Ulaya waliendelea kuichora California kama kisiwa kwa zaidi ya karne moja, hata baada ya watu kuizunguka kwa miguu.

Kwa hiyo jimbo lenye watu wengi kuliko yote Marekani, wapatao milioni 39, linaitwa kwa jina la nchi ya kubuni ya malkia mweusi. Usishangilie haraka, maana Montalvo hakumwandika Calafia ili amtukuze. Alimpeleka Constantinople kupigana na Wakristo, akamfanya ashindwe, abadili dini na kuozwa kwa mmoja wa mashujaa. Hata hivyo jina lilibaki, na waliolitumia wakasahau lilikotoka.

Turudi kwa wale 44. Hispania ilitaka watu wa kulima chakula cha askari wake kaskazini mwa Mexico, wakati California yote ikiwa chini yake. Ilitafuta familia 24 katika majimbo ya Sonora na Sinaloa. Zilizopatikana na kufika ni 11. Mtu mwenye shamba zuri hana sababu ya kusafiri kwa meli na kwa miguu kupita jangwani kwenda mahali asipopajua. Waliokubali walikuwa maskini, na katika kaskazini ya Mexico ya wakati huo maskini wengi walikuwa na damu iliyochanganyika, maana Hispania ilikuwa imeingiza watumwa wa Kiafrika nchini humo tangu miaka ya 1500. Tarehe 4 Septemba 1781 inahesabiwa kuwa siku mji ulipozaliwa. Ulipewa jina refu la Kihispania, jina la Bikira Maria, Malkia wa Malaika. Kwa mara ya pili nchi ile ikabeba jina la malkia.

Lakini hawakufika mahali patupu. Kando ya mto palikuwa na kijiji cha watu wa Tongva, Yaanga, na jirani palikuwa na misheni ya San Gabriel ambako wenyeji walikuwa wakifanyishwa kazi. Walowezi wale weusi na machotara, waliodharauliwa kwao, walipewa viwanja kwenye ardhi ya watu wengine. Anayetaka historia isiyo na doa hataipata hapa.

Mmoja wao ni Luis Quintero, mshonaji, mweusi, miaka 55, mzaliwa wa Guadalajara. Mkewe, Petra Rubio, alikuwa chotara, na walikuja na watoto watano. Quintero hakudumu. Kabla mwaka haujapita vizuri aliondolewa mjini pamoja na wenzake wawili, naye akahamia Santa Barbara kuendelea na sindano yake. Ungeweza kudhani kisa chake kimeishia hapo. Lakini mjukuu wake, María Rita Valdez, alikuja kumiliki eneo kubwa la malisho magharibi mwa mji, lililoitwa Rodeo de las Aguas, mahali maji yanapokusanyika. Aliliuza mwaka 1854. Leo eneo hilo linaitwa Beverly Hills, na mtaa wake wa maduka ya kifahari, Rodeo Drive, bado una kipande cha jina la shamba la mjukuu wa mshonaji mweusi.

Jina lilibaki lakini rangi ikafutika, na kazi hiyo ya kufuta ilianza mapema. Katika sensa ya 1790, miaka tisa tu baada ya mji kuanzishwa, baadhi ya watu walioandikwa mwanzoni kuwa machotara wa Kiafrika wameandikwa kwa neno jingine, lililo karibu zaidi na Uzungu. Ngozi zao hazikuwa zimebadilika. Walikuwa wamepata ng'ombe, shamba na heshima kidogo, na katika dola ya Hispania vitu hivyo vilitosha kumsogeza mtu kwenye daftari. Pío Pico, gavana wa mwisho wa California chini ya Mexico, alikuwa na bibi aliyeandikwa chotara wa Kiafrika. Aliijenga Pico House, hoteli iliyofunguliwa mwaka 1870 na ambayo bado imesimama karibu na uwanja wa kale wa mji. Alifariki mwaka 1894 akiwa amepoteza karibu kila alichomiliki.

Hapo katikati bendera ilikuwa imebadilika. Mwaka 1848 Marekani iliichukua California kutoka Mexico baada ya vita, na Septemba 1850 California ikawa jimbo. Katiba yake ilipiga marufuku utumwa. Sheria zake, hata hivyo, zilimkataza mtu mweusi kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya Mzungu. Kwa maneno mengine, ulikuwa huru, ila usingeweza kusema hivyo mbele ya jaji.

Katika pengo hilo aliingia Biddy Mason. Alizaliwa utumwani mwaka 1818 katika majimbo ya kusini. Mwaka 1848 bwana wake, Robert Smith, alihama na familia yake kutoka Mississippi kwenda Utah. Wazungu walipanda mikokoteni, na Biddy akatembea nyuma yake akichunga mifugo, akiwa na watoto wake watatu, mmoja akiwa bado mchanga. Safari ile ilizidi kilomita 2,000. Baada ya miaka mitatu Smith akahama tena, safari hii kwenda San Bernardino, California, akiendelea kuwashikilia kana kwamba sheria ya jimbo haikumhusu. Alipopanga kuwapeleka Texas, ambako utumwa ulikuwa halali, watu weusi huru wa Los Angeles, akiwamo mfanyabiashara wa farasi Robert Owens, walipeleka habari kwa vyombo vya sheria.

Jaji Benjamin Hayes hakuweza kupokea ushahidi wa Biddy mbele ya mahakama. Akamwita faragha, akamuuliza kama anataka kwenda Texas. Januari 1856 aliamua kwamba Biddy na wenzake 13, wengi wao watoto, walikuwa huru.

Baada ya hapo alifanya kazi ya ukunga na uuguzi mjini, akiweka akiba kidogo kidogo. Mwaka 1866 alinunua kiwanja katika mtaa wa Spring kwa dola 250. Mwanamke aliyewahi kumilikiwa kwa karatasi sasa alikuwa na karatasi inayosema yeye ndiye mmiliki, ingawa hakujua kusoma wala kuandika. Mji ulipokua kumfuata, thamani ya kiwanja ilipanda, naye akawa tajiri. Alilisha wafungwa na wenye njaa, na mwaka 1872 nyumbani kwake likaanzishwa kanisa la First AME, kanisa la kwanza la watu weusi mjini humo. Alifariki mwaka 1891. Kaburi lake halikuwa na jiwe hadi mwaka 1988. Kwa karibu karne nzima, mmoja wa wenye mali wa mwanzo wa katikati ya Los Angeles alilala bila jina juu yake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Los Angeles inaongeza funzo jingine: hata mali yenye daftari hupotea, mwenye nguvu akiamua kutolisoma.

Mwaka 1912 Willa Bruce, mwanamke mweusi, alinunua kiwanja cha ufukweni huko Manhattan Beach, ndani ya wilaya ya Los Angeles, kwa dola 1,225. Yeye na mumewe Charles wakafungua mahali pa kuogelea na kupumzika kwa watu weusi, ambao fukwe nyingine ziliwafukuza. Majirani Wazungu waliwasumbua kwa vitisho. Mwaka 1924 halmashauri ya mji ilianza kukitwaa kiwanja kwa manufaa ya umma, ikasema inahitaji bustani. Msomaji aliyewahi kuona alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa nyumba ya mtu anaijua lugha hiyo. Bustani yenyewe haikujengwa kwa miongo kadhaa, na biashara ya akina Bruce ilikuwa imekwisha.

Miaka hiyohiyo, mwaka 1923, yale maandishi meupe tuliyoyaona kwenye filamu yalisimamishwa mlimani. Yalikuwa tangazo la kuuza viwanja, na yalisomeka HOLLYWOODLAND. Silabi ya mwisho, inayomaanisha ardhi, iliondolewa mwaka 1949. Na wakati huo wote, sehemu nyingi za jiji, hati za nyumba zilikuwa na sharti kwamba nyumba isiuzwe kwa mtu mweusi. Mahakama Kuu ya Marekani ilizuia kutekelezwa kwa masharti hayo mwaka 1948. Wajukuu wa mji ulioanzishwa na watu 26 wenye asili ya Kiafrika walikuwa wakikatazwa kununua nyumba ndani yake.

Nani alirudi kuisoma ile karatasi ya kwanza? Mmoja wao alikuwa mkutubi. Miriam Matthews aliajiriwa na maktaba ya umma ya Los Angeles mwaka 1927, mweusi wa kwanza kushika kazi ya ukutubi huko, na kwa miongo mingi alikusanya picha na nyaraka za watu weusi wa California. Jiji lilipoandaa sherehe za miaka 200, alishikilia kwamba waasisi watajwe wote, kila mmoja kwa jina, asili, jinsia na umri. Mnara ukawekwa mwaka 1981 kwenye uwanja wa kale. Meya wa jiji wakati huo alikuwa Tom Bradley, mtoto wa wakulima maskini wa Texas na mjukuu wa watumwa, meya wa kwanza mweusi wa Los Angeles, aliyeliongoza kuanzia 1973 hadi 1993.

Na ufukwe wa akina Bruce? Baada ya bunge la jimbo kupitisha sheria mwaka 2021, wilaya ilirudisha hati kwa wazao wao mwaka 2022. Mwaka uliofuata, familia ilikiuza tena kiwanja kwa wilaya kwa karibu dola milioni 20. Wako waliosikitika kwamba walikiuza. Lakini kukiuza ilikuwa haki ya mwenye hati, na haki hiyo Charles na Willa walinyang'anywa.

Leo jiji lina watu karibu milioni 3.9. Ukifika kwenye uwanja wa kale, ng'ambo kidogo ya hoteli ya Pío Pico, utayakuta majina ya familia 11. Hakuna picha zao, kwa sababu hakuna aliyewachora. Kuna maneno tu, yaleyale yaliyoandikwa na maofisa wa mfalme ambao hawakuwa na nia ya kumsifu mtu. Quintero yumo, pamoja na Petra na watoto wao watano. Mji ulimwondoa yeye mwenyewe mapema, na ulichukua miaka 200 kuliweka jina lake mahali pa wazi.