Michezo Iliyopotea na Baraza la Mwata Kazembe

Philip Henslowe wa London hakuwa mtunzi. Alikuwa mwenye jumba la michezo. Kuanzia mwaka 1592 aliandika katika daftari mapato ya kila mchezo, fedha walizokopeshwa watunzi, na gharama za mavazi. Daftari hilo lingalipo, nalo lina majina ya michezo 280 hivi. Iliyo mingi haikubakiza hata ukurasa mmoja. Twajua mchezo ulileta fedha ngapi, wala hatujui mchezaji alitamka nini.

Hali kama hiyo twaikuta Zambia, kusini mwa Nchelenge, karibu na mahali mto Luapula uingiapo Ziwa Mweru. Huko wafalme wa Kilunda, wenye cheo cha Mwata Kazembe, walikuwa na baraza la ngoma, marimba na nyimbo za sifa. Mfalme mwenyewe hucheza Mutomboko, ngoma ya ushindi, akiwa na silaha mkononi. Sisi twauhesabu huo kuwa mchezo wa kuigiza kamili. Jukwaa lake la kale halipo, maana aghalabu mfalme mpya alihamisha mji.

Mreno Gamitto alifika hapo mwaka 1831 katika msafara uliotafuta biashara. Kitabu chake, kilichochapishwa Lisbon mwaka 1854, kinaeleza mavazi na taratibu za baraza. Maneno ya sifa yenyewe yalingoja hadi mwaka 1962, alipoyachapisha Jacques Chileya Chiwale. Jambo la ajabu ni kwamba yana lugha ya asili ya Kiluba, ilhali watu wa Mwata husema Kibemba. Msikilizaji huhitaji kufasiriwa sifa za mfalme wake.

Lakini shahidi tunayemtamani zaidi ni mwingine. Livingstone alipofika kwa Kazembe mwezi wa Novemba 1867, alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara Mwarabu aliyekaa nchi hiyo zaidi ya miaka 10, chini ya Makazembe wanne. Lugha ya misafara ilikuwa Kiswahili. Yamkini angeweza kutusimulia kwa lugha hii jinsi kila mmoja wao alivyocheza. Aliondoka mwaka 1868, akaishi Ujiji, na wageni wakamwandika. Kalamu zao zimetuhifadhia ndevu zake nyeupe na tabasamu lake. Masimulizi yake mwenyewe hatunayo.