Habari ya Jipu na Dawa Yake, Kutoka Oxford Hadi Moshi



Mtume wetu (S.A.W.) alituamrisha tujitibu, akatufahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa. Hayo husemwa sana misikitini. Lisilosemwa sana ni kwamba dawa nayo ni amana, na amana ikichezewa huondoka. Leo nataka nikusimulie habari ya dawa moja na kijidudu kimoja, tuanzie Ulaya tuishie Moshi, mji ambao watu wa pwani tuliufahamu tangu zama za misafara ya Pangani, na ukatukaribia zaidi reli ya Tanga ilipoufikia mwaka 1911.

Kijidudu chenyewe matabibu hukiita stafilokokasi. Si kigeni kwetu. Katika kila watu watatu, yakadiriwa mmoja anacho puani mwake wala hakimdhuru. Ngozi ikichubuka, kwa jembe au kwa wembe wa kinyozi, huingia ndani, na aghlabu kinachotokea ni jipu tu. Lakini mara nyingine huingia katika damu, mifupa au mapafu, na hapo huua.

Mwaka 1928, mjini London, Alexander Fleming aliona ukungu ulioingia katika kisahani chake umeviua vijidudu hivyo hivyo. Ilipita zaidi ya miaka 10 kabla ya Florey na Chain, huko Oxford, kuweza kuitoa dawa ya ukungu ule, yaani penisilini, ikatosha kujaribiwa kwa mgonjwa. Februari 1941 walimpa askari polisi mmoja, Albert Alexander, ambaye uso wake ulikuwa umejaa usaha na jicho moja limekwisha kuondolewa. Kwa siku chache akapata nafuu ya ajabu, homa ikashuka, akaanza kula. Kisha dawa ikaisha. Waliichuja hata kutoka katika mkojo wake wampe tena, isitoshe. Maradhi yakarudi, na tarehe 15 Machi akafariki. Zingatia hapo, msomaji. Mtu yule alikatiwa dawa kwa sababu haikuwapo duniani. Sisi twaikata wenyewe, nayo i dukani.

Fleming mwenyewe, alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kuwa mwenye kutumia penisilini kidogo isiyotosha huvifundisha vijidudu kuihimili. Kabla ya miaka ya 1940 kwisha, hospitali za London zilikwisha kujaa stafilokokasi sugu. Mwaka 1959 ikatolewa methisilini, iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya sugu hao, na mwaka 1961 Waingereza wakatangaza kuwa wamepata vijidudu vinavyoishinda hiyo nayo. Miaka miwili tu! Na ajuaye dawa anajua uzito wa jambo hili, kwani kijidudu kinachoishinda methisilini, ambacho wataalamu hukiita MRSA, huzishinda pia amoksilini, ampisilini, kloksasilini na sefaleksini. Ukoo mzima huwa bure.

Kwa muda mrefu yalidhaniwa kuwa ni mambo ya wodini tu. Lakini kati ya 1997 na 1999 watoto wanne wa Minnesota na North Dakota, Marekani, walikufa kwa kijidudu hicho hali hawakuwa wamelazwa popote kabla yake. Kilikuwa kimekwisha kuingia majumbani, na dawa walizoanzishiwa zilikuwa za aina ile ile isiyokifaa tena.

Sasa tupande Kilimanjaro. Katika hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, watafiti walichunguza vijidudu vilivyotoka kwa wagonjwa, wakaikuta MRSA miongoni mwao, na habari hiyo ikachapishwa mwaka 2018. Mwaka huo huo ukachapishwa uchunguzi mwingine: watu walijifanya wateja wakazunguka maduka ya dawa ya mjini Moshi, na zaidi ya maduka tisa katika kila kumi yaliwauzia antibiotiki bila ya cheti cha daktari. Huko Siha, upande wa magharibi wa mlima, zaidi ya nusu ya waliohojiwa walikiri kujitibu wenyewe kwa dawa hizo.

Simlaumu mama wa Kibosho au Rombo ambaye nauli ya kushuka mjini ni chakula cha nyumba. Mwenye kuuza ndiye ninayemuuliza. Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa anayejifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu, huyo ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta, na mafakihi wakaijenga juu yake hukumu ya fidia. Katika karne ya 6 ya Hijra, huko Sham, al-Shayzari aliandika kitabu cha kumwongoza muhtasib, msimamizi wa soko, na wauza dawa wana mlango wao humo, kwani udanganyifu wao ni mgumu kuonekana kuliko wa muuza nafaka. Soko la leo lina wakaguzi wake pia, ila mkaguzi hayupo saa mbili usiku mteja anaponong'ona, "Nipe vinne tu, nina shilingi elfu moja." Vidonge vinne vya mtu mmoja huweza kumfikia mtoto wa jirani asiyewahi kumeza hata kimoja, kwa taulo moja, kwa wembe mmoja, kwa mkeka wa chuoni.

Nanyi matabibu wa zahanati, mnaoombwa vidonge kila jipu linapotoka: jipu lililoiva hutibiwa kwanza kwa kupasuliwa na mtaalamu na kutolewa usaha, na mara nyingi hilo pekee hutosha likiwa dogo na mgonjwa hana homa. Lisipopona, au likirudi, au watu wawili wa nyumba moja wakiwa nalo, usaha upelekwe maabara ukaoteshwe, ijulikane ni dawa gani inayokiua kijidudu hicho. Majibu huchukua siku mbili au tatu.