Ruzuku ya Serikali na Cheti cha Mwalimu

Wasomaji wetu wa Iringa na Mbeya wamezoea kumwona mwalimu akilipwa na Serikali, hata wengine hudhani ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Sivyo. Wamoravian na Waluteri wa Berlin walifika nchi hizi mwaka wa 1891, nao wakaanzisha shule. Mwalimu wa kijiji akaishi kwa sadaka za Wakristo na kwa jembe lake.

Mwaka wa 1924 ilikuja tume ya Phelps-Stokes, na Dr. Aggrey, mzaliwa wa nchi iitwayo leo Ghana, alikuwa mmojawapo. Tume ilishauri Serikali na misheni zishirikiane. Oktoba 1925 wakakutana Dar es Salaam, enzi ya Gavana Cameron, na sheria ya elimu ya mwaka wa 1927 ikaleta ruzuku.

Lakini fedha hizo zilikuwa na masharti. Shule ilipaswa kufuata mafundisho yaliyowekwa na Serikali, kukubali kukaguliwa, na kuwa na mwalimu mwenye cheti. Basi shule ndogo za vijijini, ambazo ndizo zilizokuwa nyingi, hazikupata kitu. Walimu wake walijua kusoma, kuandika na Katekisimo, cheti hawakuwa nacho. Twaona masharti hayo yalikuwa makali kwa watu waliobeba kazi peke yao miaka mingi. Walakini yalizihimiza misheni kuwasomesha walimu.

Kwa sheria ya mwaka wa 1969 Serikali ilizitwaa shule zilizokuwa zikipata ruzuku. Ruzuku ile ikakoma, cheti kikabaki. Mkwawa, Iringa, palipokuwa na shule ya sekondari, pakawa chuo cha ualimu, na tangu 2005 ni chuo kikuu kishiriki.