William de Braose na Deni la Mfalme

William de Braose alikuwa mmoja wa makabaila wakubwa wa Uingereza katika enzi ya Mfalme John. Mwaka 1201 alipewa milki ya Limerick, Ireland, kwa ahadi ya kulipa marki 5,000. Na marki moja ilikuwa theluthi mbili za pauni. Deni hilo halikulipwa ila sehemu ndogo. Mwaka 1208 Mfalme, kwa kumtilia shaka, alitaka wanawe wawekwe rehani. Matilda, mkewe, akakataa. William akaasi, akauchoma moto mji wa Leominster, kisha akakimbilia Ireland pamoja na jamaa zake.

Mwaka 1210 Mfalme aliwafuata kwa jeshi. Matilda na mwanawe mkubwa walikamatwa, wakafa gerezani kwa njaa. William alifia Ufaransa mwaka 1211.

Mwaka 1215 makabaila waliasi, na pamoja nao Giles, Askofu wa Hereford, mwana wa Matilda. Katika Magna Carta Mfalme alikubali kwamba mtu huru hatafungwa ila kwa hukumu ya wenzake au kwa sheria ya nchi. Matilda hakuipata hukumu hiyo.