Uhifadhi wa maji ya wazi, Tabora

Uhifadhi wa maji ya wazi mkoani Tabora ni kazi ya kulinda maji ya visima, malambo, mabwawa na hata mabwawa ya kuogelea yasiharibiwe na majira. Katika nchi za baridi anayeogopwa ni barafu. Tabora anayeogopwa ni kiangazi, kinachoanza Mei na kumalizika mvua zinapoanguka Novemba.

Barafu haihusiki hapa, na sababu ni mwinuko usio mkubwa. Mji uko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 14 au 15, baridi ya kumfanya mtu ajifunike kitenge mabegani, basi. Sakitu huonekana juu zaidi, uwanda wa Kitulo na milima ya Njombe, ambako nyasi huamka nyeupe. Hata hivyo nchi za joto hazina kinga kamili: Februari 2021 baridi kali iliingia Texas, Marekani, umeme ukakatika, pampu za mabwawa ya kuogelea zikasimama na mabomba yakapasuka. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na bomba lililojaa halina pa kuyapeleka. Ndiyo maana wenye mabwawa huko huacha pampu zikizunguka usiku kucha, kwa kuwa maji yanayotembea huchelewa kuganda.

Tabora maji hayapasui kitu. Huondoka kimyakimya. Mvua ya mwaka ni milimita 900 hadi 1,000, lakini jua na upepo wa uwanda wa kati vinaweza kuinua kutoka kwenye maji ya wazi karibu mara mbili ya kiasi hicho. Chukua bwawa la kuogelea la mita 10 kwa 5. Likipungua milimita 6 kwa siku, kiasi cha kawaida katika kiangazi, lita 300 zimekwenda, yaani madumu 15 ya lita 20. Na wengi hukosea kudhani hayo hutokea Oktoba tu, wakati wa joto kali. Kipupwe nacho hunyonya maji, maana hewa ni kavu na upepo wa kusini-mashariki hauachi kuvuma.

Somo hili lilijulikana zamani kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, na kuendelea hadi Ujiji. Sehemu iliyoogopwa kuliko zote ni Mgunda Mkali, pori lililo kati ya Ugogo na Tura, eneo ambalo leo treni ya Reli ya Kati hulipita ikitoka Manyoni na Itigi. Mgunda kwa Kinyamwezi ni shamba, na ukali wake ulikuwa wa kiu. Wapagazi walikuwa na namna yao ya kulivuka, waliyoiita tirikeza. Msafara ulipumzika penye maji hadi mchana, watu wakala, wakanywa, wakajaza vibuyu. Jua lilipoanza kulegea wakaondoka, wakatembea hadi usiku na kulala mahali pasipo na tone. Alfajiri wakaamka na kuwahi maji ya mbele kabla jua halijapanda. Kwa mpango huo vituo viwili vya maji vilivyoachana sana viliweza kuunganishwa bila mtu kutembea katika joto la adhuhuri na kibuyu kitupu. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walilipita pori hilo mwisho wa Oktoba 1857, kiangazi kikiwa kimefika ukingoni, wakaingia Kazeh, Tabora ya sasa, tarehe 7 Novemba.

Unyanyembe yenyewe ilikuwa na nafuu. Mbuga zake za udongo mweusi hushika maji ya mvua, na visima vya kina kifupi vilitosha watu na bustani, na mpunga ulilimwa. Maji yaliyo ardhini hayaonwi na jua, na hiyo ndiyo hifadhi bora kuliko zote ambayo mtu hakuhitaji kuibuni.

Lambo, kwa upande mwingine, ni hifadhi ya mashaka. Likichimbwa pana na la kina kifupi, kiangazi hulimaliza kabla ya ng'ombe kushiba. Lambo la kina cha mita moja linalopoteza milimita 6 kwa siku hukauka katika muda wa chini ya miezi sita hata kama hakuna anayechota. Wachimbaji wenye uzoefu hupunguza upana na kuongeza kina, hupanda miti upande unakotoka upepo, na huzuia mifugo isiingie ndani, wakaitengenezea birika pembeni. Ng'ombe akikanyaga kingo, tope huteremka na kina hupungua mwaka hadi mwaka. Maji ya kina kifupi yenye majani pia huvuta konokono wa kichocho.

Uvukizi huohuo una faida moja, na kila nyumba iliyo na mtungi inaijua. Mtungi wa udongo hutoka jasho. Unyevu ukiruka kutoka kwenye ngozi yake, huchukua joto na kuyaacha maji ya ndani baridi. Ukiuweka juani unapoteza maji bure. Ukiuweka kivulini penye upepo, unakunywesha maji baridi bila umeme.

Mji ulipokua, mabwawa ya Igombe na Kazima yalibeba mzigo, na miaka ya mvua haba yalionyesha udhaifu wake kwa kingo zilizopasuka. Nafuu kubwa ilikuja kwa bomba la kutoka Ziwa Victoria, linalofika pia Nzega na Igunga, lililojengwa kwa mkopo wa India. Lakini maji yakifika nyumbani bado huwekwa kwenye simtanki, na simtanki isiyo na kifuniko ni lambo dogo la plastiki, tena linalozalisha mbu.

Kwa mabwawa makubwa kufunika ni kazi ngumu. Mwaka 2015 mji wa Los Angeles ulimwaga mipira myeusi milioni 96 juu ya hifadhi yake ya maji ya kunywa, kuyakinga na jua na kupunguza uvukizi. Igombe hakuna atakayemwaga mipira. Ila bwawa la kuogelea la hoteli au shule hufunikika kwa turubai, lile lile ambalo nchi za baridi hulitandaza kwa sababu ya barafu, na likifunga vizuri huzuia sehemu kubwa ya maji yanayopotea. Anayelimiliki Tabora alitandaze Juni, upepo unapoanza, asingoje joto la Oktoba.